Nati za tairi nilizokaza mwenyewe zimelegea ndani ya kilomita 40, tatizo ni nini?

#1 Mtu_wa_Kimara
Habari zenu wadau. Wenye ujuzi naomba mnisaidie maana hili jambo linaninyima usingizi. Jumapili tulikuwa tunarudi Dar kutoka Tanga, mimi, waifu, watoto watatu na shemeji yangu mdogo wake waifu, gari ni Toyota IST. Tumepita Mkata kidogo nikaona gari nyuma inayumba kama inateleza, kushuka tairi la nyuma kulia limekaa chini kabisa, msumari. Kulia ndo upande mabasi yanapita kwahiyo nikasogea taratibu mpaka sehemu pana. Tukashusha buti lote maana spea iko chini ya kapeti na juu yake kulikuwa na gunia la machungwa ya Muheza, mabegi na jiko la mkaa tulilopewa na mama mkwe. Nikabadilisha, dakika 40 hivi, safari ikaendelea.

Hata Wami hatujafika waifu akasema mbona kuna kitu kinagonga huko nyuma. Nikamwambia ni lile jiko la mama yako. Akanyamaza. Baada ya dakika kumi akarudia. Nikasimama kwa hasira ili nimuonyeshe jiko. Wadau, nati mbili nilizizungusha kwa vidole. KWA VIDOLE. Ya tatu nusu nusu, ya nne tu ndo imekaza. Sasa mimi nati nilikaza kwa mguu, nimesimama juu ya spana na kilo zangu 90, zimelegeaje?

#2 Kidundo
Pole sana mkuu. Muombe kwanza waifu msamaha halafu ndo tuendelee na uzi.

#3 Spana21
Mkuu hapo jibu ni moja. Ulikaza gari ikiwa bado juu ya jeki. Tairi likiwa hewani linazunguka na linaning'inia, unaona nati imegoma kumbe rimu haijakaa sawasawa kwenye habu (kile chuma cha katikati rimu inapofungwa), imekaa upande. Ukishusha gari uzito unairudisha rimu mahali pake, ile nati inabaki na nafasi. Utaratibu ni hivi, unazibana kwa mkono zote mpaka zifike, unazikaza kidogo kwa spana, unashusha tairi liguse chini, ndo unakaza kwa nguvu. Na unakaza kwa msalaba sio kuzunguka kama saa, ya juu, ya chini, kushoto, kulia, halafu unarudia raundi ya pili. Wengi hawarudii.

#4 MamaMapacha
Samahani kaka swali la kizushi, hizo nati ziliwekwa kwa kugeuza? Maana upande uliochongoka ndo unaingia kwenye rimu. Mume wangu aliwahi kuweka kinyume, bapa ndani mchongoko nje, na ana diploma.

#5 Mtu_wa_Kimara
@MamaMapacha hapana dada, mimi sio mtoto, na nati za hii gari ni zile zilizozibwa kwa nje huwezi kugeuza hata ukitaka.
@Spana21 nilikaza ikiwa chini. Nina uhakika. Yaani mimi nilikaza mbili ikiwa chini, zile mbili nyingine shemeji ndo alimalizia wkt mimi nashughulika na watoto walikuwa wanasogea barabarani.

#6 Kidundo
Hahahaaa sasa shemeji ameingia kwenye uzi. Post #1 ulisema "nimekaza" post #5 ni "tumekaza". Zilizolegea ni za nani?

#7 Mtu_wa_Kimara
Sikuziwekea alama mkuu.

#8 Fuso_Mstaafu
Vijana nyie mnahangaika bure. Nimeendesha Fuso miaka 22, Dar Tunduma, Dar Kigoma. Nati za kushoto zinaweza kulegea zenyewe kwasababu tairi la kushoto likienda mbele linazunguka kinyume na kukaza. Ndo maana magari makubwa ya Kijapani ya zamani upande wa kushoto stadi zake (zile bolti za habu nati inapoingia) zilikatwa uzi wa kinyume, utaona imegongwa herufi L kwenye kichwa cha stadi, na ya kulia R. Ukimpa turnboy mgeni afungue L atasimama juu ya spana mpaka jioni kumbe anakaza. Hizi gari zenu ndogo pande zote uzi ni mmoja.

#9 Kidundo
Mzee shikamoo, ila jamaa amesema nyuma KULIA.

#10 Fuso_Mstaafu
Marahaba. Basi soma tena, nimetoa elimu ya jumla.

#11 Mwana_wa_Likoni
Salama ndugu zangu, mimi niko Mombasa. Kisa kama hichi kilinipata mimi hapo Mariakani, gari ya kaka yangu Probox. Tulitia spea, twaenda, twasikia ngwa ngwa ngwa. Makanika tuliyempata akatoa gurudumu tena lote akatuonyesha, ule uso wa habu pale rimu inapolalia ulikuwa na kutu imefanya maganda, na spea yenyewe ilikuwa na rangi nene na mchanga wa barabarani. Ukikaza unabana kutu, hubani chuma. Ukienda mwendo lile ganda lasagika, lamwagika, pabaki pengo dogo kama karatasi, na hilo latosha nati kulegea. Alipangusa kwa brashi ya waya tu na msasa, akarudisha, mpaka leo. Hakuuza hata nati moja. Kwa hiyo ndugu wa Kimara nakuuliza, ulipangusa?

#12 Mtu_wa_Kimara
Kupangusa? Kaka pale mabasi ya Arusha yanapita mpaka gari inatikisika juu ya jeki, nilikuwa nasoma dua sio kupangusa.

#13 chuma_chakavu
Wote mmeruka swali la msingi. SPEA ILITOKA WAPI? IST nyingi zinakuja na ile spea nyembamba kama ya toroli, au spea imeshatolewa na aliyekuuzia. Mkuu spea yako ni nyembamba au saizi kamili, na rimu ni ya gari gani?

#14 Mtu_wa_Kimara
Saizi kamili. Gari niliinunua kwa mtu haina spea, nikaenda Ilala nikauziwa rimu ya chuma nyeusi matundu manne na tairi lake. Muuzaji aliijaribu kwenye gari ikaingia vizuri kabisa, ila kapeti la buti ndo limenyanyuka kidogo.

#15 chuma_chakavu
Nilijua. Haya sikilizeni maana hapa watu wanapigwa kila siku. IST matundu manne kipimo 4x100, yaani matundu manne kwenye mduara wa milimita 100. Vitz hivyo hivyo. Lakini na Honda Fit ni 4x100! Kwahiyo rimu ya Fit inaingia kwenye IST bila kugoma na muuzaji anakwambia "unaona imeingia". Tofauti ni mbili. Moja, tundu la katikati, la Toyota hizi ndogo ni milimita 54.1, la Honda ni 56.1, kwahiyo rimu haikumbatii habu, inacheza milimita mbili, inabebwa na nati peke yake. Mbili, na hii ndo mbaya, kiti cha nati. Rimu ya Honda pale nati inapokaa pamechimbwa mviringo kama kibakuli, nati ya Toyota imechongoka kama pia ya kuchezea watoto. Sasa hiyo pia ikikaa kwenye kibakuli inagusa kamstari kembamba tu pembeni. Unaweza kukaza mpaka utoke mishipa ya shingo, ukitembea inakaa, inalegea.

#16 BintiPangani
Sasa hii ndo imeniingia akilini, asante @chuma_chakavu. Ngoja nikaangalie yangu.

#17 Spana21
Hoja ya chuma_chakavu ni nzuri lakini tusikimbilie. Hajaonyesha kama ni rimu ya Fit. Na kuna kitu kinachanganya watu kwenye Toyota zenyewe. Ukiwa na rimu za alminiamu za kiwandani, nati zake zina washa bapa na shingo ndefu. Watu wanasema ukifunga spea ya chuma hizo nati hazifai. Sio kweli kwa zote. Nyingi zina mchongoko mdogo mwishoni mwa ile shingo, kitabu cha gari kinasema kwenye rimu ya alminiamu unazungusha mpaka washa iguse, kwenye rimu ya chuma unazungusha mpaka ule mchongoko uguse. Kwahiyo kwenye spea washa itabaki imekaa mbali na rimu, inaning'inia, na mtu akiona hivyo anadhani bado haijafika. Mtu_wa_Kimara, gari yako ina rimu gani hizi nyingine tatu?

#18 Mtu_wa_Kimara
Alminiamu. Na kweli shemeji aliniuliza mbona hizi washa hazigusi. Nikamwambia kaza tu.

#19 Kidundo
Shemeji aliona. Waifu alisikia. Wewe mkuu ulikuwa unafanya nini kwenye hii safari?

#20 Mwalimu_wa_Nguvu
Nimecheka peke yangu ofisini. Ila mimi nina wasiwasi tofauti kabisa na wenu. Mnajadili kukaza kidogo, mimi naona amekaza KUPITILIZA. Toyota ndogo hizi nati zinatakiwa kukazwa nguvu ya Nm (nyutonimita) 103. Ile spana inayokuja na gari ina urefu wa sentimita 30 hivi. Kupata 103 unahitaji kubonyeza mwisho wa mpini kwa uzito wa karibu kilo 35. Yeye amesimama na 90, hapo ni kama Nm 265, zaidi ya mara mbili na nusu. Stadi ya chuma inafanya kazi kama springi, ukiikaza inavutika kidogo na ule mvuto ndo unaoshika nati. Ukivuta kupita kiasi inanyooka moja kwa moja kama raba ya chupi ya zamani, hairudi, haina mvuto tena. Mtu anasema "nilikaza sana mbona imelegea", imelegea KWASABABU ulikaza sana.

#21 Mtu_wa_Kimara
Jamani. Spana21 anasema sikukaza, mwalimu anasema nimezidisha. Nishike lipi?

#22 Mwalimu_wa_Nguvu
Labda yote mawili, mbili zako umezidisha, mbili za shemeji hazikufika. Mizani haipo.

#23 Kidundo
Shemeji uzito gani?

#24 Mtu_wa_Kimara
Yuko form six. Kilo 52 labda.

#25 Spana21
Nakataa kidogo hapo mwalimu. Nimefanya gereji miaka 11, watu wanasimama juu ya spana kila siku, mabasi ya nchi hii yanakazwa kwa bomba la mita mbili na yanafika Mwanza. Mimi sijaona stadi ya M12, yaani ya unene wa milimita 12, ikivutika kwa mguu mara moja. Inavutika kwa ile mashine ya upepo ya fundi pancha, anapiga DRRRRRR mpaka aridhike, mara ishirini kwa mwaka. Ukikuta stadi imevutika ujue ilianzia huko.

#26 BintiPangani
Kuhusu mashine ya upepo naunga mkono asilimia zote. Mimi nilipata pancha usiku niko na mama yangu mgonjwa, nikaweka jeki, spana ya gari nimeruka juu yake, nati haijasogea hata nywele. Ilibidi nisubiri dereva wa lori, mbaba mmoja mstaarabu, akachomeka bomba kwenye mpini, ikatoa mlio kama risasi. Akaniambia binti hapa fundi wako alikuwa anafunga tairi la treni. Tangu hapo nina bomba langu kwenye buti na nikitoka kwa fundi pancha nalegeza zote nakaza upya mwenyewe pale pale anaangalia. Ananuna, anune. Halafu huku kwetu Pangani chumvi ya bahari inakula nati, mimi napaka grisi kidogo kwenye stadi.

#27 Spana21
Dada @BintiPangani hapo mwisho umeharibu. Kitabu cha Toyota kinakataza grisi na oili kwenye nati na stadi. Ikiwa na grisi unakaza kirahisi unapitiliza bila kujua, na inaweza kulegea yenyewe pia.

#28 BintiPangani
Kitabu kiliandikwa na mtu asiyeishi Pangani.

#29 Fuso_Mstaafu
Binti namuunga mkono. Sisi tulipaka.

#30 Mwana_wa_Likoni
Hata sisi Likoni chumvi ipo, twapangusa tu kwa brashi. Haya yasitutoe kwenye jambo.

#31 Mtu_wa_Stuttgart
Habari za huko. Mimi naishi Ujerumani, huku tunabadilisha matairi yote manne mara mbili kwa mwaka, ya baridi na ya kiangazi, watu wanasema ya baridi ni kuanzia Oktoba mpaka Pasaka. Ukienda gereji wanakukazia kwa spana ya kipimo inayolia tik, Golf yangu inatumia bolti sio nati na ni Nm 120. Na bado kwenye risiti wanaandika urudi kukaza tena baada ya kilomita 50! Gereji yenye vipimo vyote, habu safi, rimu ya kiwandani, bado wanasema kilomita 50. Kwahiyo ya jamaa kulegea kwenye 40 mimi sishangai hata kidogo, rimu mpya kwenye gari inahitaji kukaa. Kosa sio kulegea, kosa ni kutosimama mapema kukagua.

#32 Mwalimu_wa_Nguvu
Kupungua mkazo kidogo sawa. Kuzunguka kwa vidole sio kukaa huko ndugu yangu wa Stuttgart, huko ni kuhama.

#33 MamaMapacha
Mimi naomba kuuliza kitu pembeni, hivi jiwe mnaweka tairi lipi? Maana kila mtu ananiambia lake.

#34 Spana21
Unaweka kona ya kinyume. Pancha nyuma kulia, jiwe mbele ya tairi la mbele kushoto. Pancha mbele kushoto, jiwe nyuma ya tairi la nyuma kulia. Na usiiamini P (gia ya kuegesha ya automatiki) peke yake. IST za kawaida zinavutwa na tairi za mbele, P inashika za mbele tu. Ukinyanyua tairi moja la mbele, lile la hewani linaweza kuzunguka huru na lenzake la chini likaachia, gari inaondoka juu ya jeki. Handibreki inashika za nyuma, kwahiyo vuta handibreki, weka P, weka jiwe, vyote vitatu.

#35 Fuso_Mstaafu
Na mkimaliza MLITOE HILO JIWE BARABARANI. Na yale matawi mnayoweka nyuma ya gari kama tahadhari. Mtu anabadilisha tairi yake vizuri, anaondoka na familia yake anaimba, anatuachia jiwe kubwa kama kichwa cha ng'ombe kwenye lami saa nane usiku. Nimeona basi limelalia jiwe hilo. Pembetatu mnayo kwenye buti, mnaitoa trafiki akiuliza tu.

#36 Mtu_wa_Kimara
Sisi jiwe tulilitoa mzee. Matawi… nadhani shemeji aliyatoa.

#37 Kidundo
"Nadhani shemeji"

#38 chuma_chakavu
Mkuu kabla hatujaendelea, soma tairi la spea, kuna herufi DOT na mwisho wake namba nne kwenye kiduara. Niambie.

#39 Mtu_wa_Kimara
Imeandikwa 2309.

#40 chuma_chakavu
Wiki ya 23, mwaka 2009. Hilo tairi ni kaka mkubwa. Uliuziwa kwa maneno "bado jipya lina vinyweleo"?

#41 Mtu_wa_Kimara
Alisema hivyo hivyo. Vinyweleo vipo mpaka leo.

#42 MamaMapacha
Mwanangu wa kwanza ni wa mwishoni mwa 2009 na ana ndevu jamani 😂 tairi limemtangulia

#43 Spana21
Vinyweleo sio umri. Tairi linakauka hata likilala kwenye buti, angalia pembeni kama kuna nyufa ndogo ndogo. Hilo ni la kufikia gereji ya kwanza tu na mwendo wa pole, sio la kumaliza safari nzima ya Dar. Na zile spea nyembamba nazo, upepo wake ni psi 60, imeandikwa ubavuni, na mwisho spidi 80. Ukimwambia fundi pancha jaza 60 anakataa anasema itapasuka, anakujazia 30, matokeo yake ukiihitaji inakaa kama chapati.

#44 Kidundo
Mimi yangu sijawahi kuipima tangu ninunue gari. Narudi sasa hivi.

#45 chuma_chakavu
Mtu_wa_Kimara tupia picha ya rimu kwa karibu pale matundu ya nati, tujue ni pia au kibakuli. Hapo mjadala unaisha.

#46 Mtu_wa_Kimara
[picha]

#47 chuma_chakavu
Hiyo umepiga jiko.

#48 Mtu_wa_Kimara
Samahani. Mtoto ndo alishika simu. [picha]

#49 chuma_chakavu
Haya sasa. Naona kibakuli. Honda hiyo.

#50 Spana21
Mimi naona mchongoko uliolika. Angalia pale kuna alama ya kung'aa, nati imecheza ikachimba. Ndo sababu inaonekana mviringo, hata rimu ya Toyota ikitembea na nati zimelegea inafanya hivyo. Pima tundu la katikati kwa kipimo.

#51 Mwana_wa_Likoni
Na mimi naona rangi imebanduka pale uso wa habu na chini yake kutu nyekundu. Nilisema.

#52 Mwalimu_wa_Nguvu
Picha moja, macho matatu.

#53 Kidundo
Nimerudi. Spea yangu ina psi 8. Naomba msinicheke.

#54 BintiPangani
Psi 8 ni mto wa kulalia huo kaka.

#55 Mtu_wa_Kimara
Mrejesho wadau. Jana niliipeleka kwa fundi wa mtaani, yeye kasema tofauti na nyie wote, eti ni bearing ya nyuma imeanza kufa ndo inatikisa nati, anataka kubadilisha zote mbili. Sijampa hela. Kipimo cha tundu hana. Nimezikaza upya mwenyewe, safari hii kwa mkono sio kwa miguu, kwa msalaba, raundi mbili. Leo asubuhi nikazijaribu tena, tatu hazijasogea kabisa. Ile ya juu imeingia robo.

#56 Spana21
Robo mzunguko? Kwa usiku mmoja gari imelala?

#57 Mtu_wa_Kimara
Haikulala, jioni waifu alienda nayo sokoni na kurudi.

#58 chuma_chakavu
Mkuu hiyo rimu itoe leo. Usiikaze, ITOE. Lile tairi la zamani si ulishaziba pancha?

#59 Mtu_wa_Kimara
Bado liko kwa fundi pancha nalipitia jioni. Gari kwa sasa ameondoka nayo shemeji, amewapeleka watoto shule.

#60 MamaMapacha
Mpigie simu.

#61 Kidundo
Mpigie simu SASA HIVI

#62 Mtu_wa_Kimara
Nimempigia. Amesimama Ubungo tangu dakika tano zilizopita, anasema alisikia kitu kinagonga.